Ujumbe wa Viviane Uliokwama Njiani

Mgeni rasmi, Mama Joëlle, mkurugenzi mpya wa kampuni inayotuuzia intaneti Kisangani. Viongozi wa soko. Wenzetu wa mtoni:

MAKARIBISHO
Karibu, mama. Umekuja mwenyewe, hukutuma mutu. Leo tunaketi na kampuni bila ugomvi, na mioyo yetu imetulia.

SISI NI NANI
Sisi ni wachuuzi wa samaki na familia za mto, pamoja na ndugu zetu kutoka Butembo wanaotununulia kwa jumla. Mwenzetu Merdi alitutengenezea ukurasa wa intaneti. Humo manahodha wa baleinière, zile mashua zetu za mbao, hutangaza safari, na abiria huwaachia jamaa ujumbe wa sauti.

YALIYOMKUTA MAMA NAOMIE
Kabla hujaja, kampuni ilileta utaratibu mpya. Huduma zake, na za walioilipa, zilifunguka mara moja. Kurasa nyingine zilipunguziwa mwendo. Wetu ukawa haufunguki.

Asubuhi moja habari ilifika Yanonge kwamba baleinière ya kutoka Isangi imezama. Mama Naomie, mkaushaji samaki wa huko, alijua mdogo wake Viviane alikuwa asafiri nayo. Alijaribu ukurasa wetu, wapi. Kwenye simu hiyohiyo muziki wa kampuni ulicheza bila kukwama. Mchana majirani walileta mikeka ya matanga, naye hakuwa na nguvu ya kuwakaribisha wala kuwazuia.

Jioni Viviane alishuka kwenye pirogi, mtumbwi mdogo, furushi kichwani, akakuta analiliwa.

“Yaya, nilikutumia sauti asubuhi,” alimwambia dada yake. “Ile baleinière ilijaa mno, nikashuka.”

Naomie aliketi mchangani, akacheka huku analia. Baadaye tulisikia wavuvi wamewaokoa abiria wote.

Juma lililofuata Naomie alikwenda ofisini kwenu, akapokelewa na Papa Augustin wa huduma kwa wateja.

“Sikuje kugombana, papa. Niko nauliza: nilinunua intaneti ama muziki yenu?”

“Mama, ukurasa wenu haujalipia njia ya mbio.”

“Mimi nililipa. Mégas za intaneti iko yangu. Alors, nani anachagua nisikie sauti ya nani?”

Papa Augustin alichukua kalamu, akaandika. “Bon,” alisema, “neno hilo nitalifikisha juu.” Na alilifikisha.

TUNACHOSHUKURU
Uliposhika kazi, mama, uliuondoa utaratibu ule. Sasa ukurasa wetu hufunguka sawa na wowote. Mnunuzi wetu Mama Kanyere anasema amerudia kusinzia dukani mchana, maana hahangaiki tena kujua mzigo umefika wapi.

TUNACHOOMBA
Ulichoondoa kwa wema, mwingine anaweza kukirudisha. Tunaomba kiandikwe katika mkataba wa kila mteja: kurasa zote zipite kwa mwendo mmoja, za tajiri na za mkaushaji samaki. Kampuni ituuzie mégas. Cha kufungua achague mwenye simu. Na mtandao ukilemewa, tuambieni. Shida ya wote tutaivumilia.

Mama Naomie yupo hapa mbele, karibu na Viviane. Hakutaka kusoma risala hii. Alisema akifika kwenye mikeka atashindwa. Ametuagiza neno moja tu: “Mumuambie, ile siku nililia mutu mwenye alikuwa ananiongelesha.”

Mungu akuongoze kazini, mama, akurudishe nyumbani salama kila siku, nasi atujalie kusikiana.

Ni sisi, Umoja wa Wachuuzi wa Samaki na Familia za Mto, Kisangani.
Imesomwa na Précieuse, kwa niaba ya wote.