Ukuta wa Bafu la Brashi

Kijiwe chetu ni benchi moja lililoegemezwa kwenye matofali upande mmoja, kando ya meza yangu ya kushonea viatu. Shangazi anauza kahawa hapo hapo, na ukikaa bila kununua anakutazama mpaka ununue. Kila asubuhi tupo: Ripoti, karani mstaafu anayejua habari kabla haijatokea, Injinia, fundi baiskeli, jina kajipa mwenyewe, na Brashi, fundi rangi. Juzi Brashi alikuja macho yamemvimba. Vigae vya bafu lake vimeota ukungu mweusi, binti yake wa miaka minne anabanwa na kifua, na mkewe kamchukua mtoto kaenda naye kwa dada yake. Kaacha neno moja tu: mtoto harudi mpaka ukuta uwe safi, na siku hiyo hiyo saa kumi jioni anakuja mwenyewe kukagua. Mtoto yule nampenda, viatu vyake vyote nimeshona mimi, kwa hiyo sikucheka. Wenzangu nao hawakucheka. Walifanya kibaya zaidi, walishauri.

RIPOTI: Tuanze na chanzo. Ukungu huo unatoka ardhini. Mtaa huu chini ni maji matupu, yanapanda na ukuta polepole.

BRASHI: Mimi nakaa ghorofa ya tatu.

RIPOTI: Basi yana nguvu kuliko nilivyofikiri.

INJINIA: Achana na karani. Tatizo ni sabuni. Siku hizi sabuni zote zinanukia maua. Unajisugua maua, unarushia ukutani maua, halafu unashangaa kitu kimeota?

SHANGAZI: Brashi, mwanangu, wewe mwenyewe umefanya nini mpaka leo?

BRASHI: Nimepaka rangi.

MIMI: Juu ya ukungu?

BRASHI: Ile mistari katikati ya vigae. Nyeupe. Ikapendeza kweli. Wiki mbili, madoa yakarudi, nikapiga mkono wa pili. Juzi nimepiga wa tatu, rangi ya mafuta.

SHANGAZI: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

BRASHI: Shangazi, mimi ni fundi rangi. Ningefanya nini kingine?

Alisema hivyo akiangalia viganja vyake, na mimi nikamwonea huruma. Hata mimi kitu kikiharibika nyumbani nakimbilia gundi.

INJINIA: Sikia. Chukua dawa ya kung'arishia nguo, changanya na ile kali ya chooni, mwaga, funga mlango. Umoja ni nguvu.

SHANGAZI: Ukichanganya hizo mbili, moshi wake unakumaliza humo humo bafuni! Nani kakufundisha?

INJINIA: Nilikuwa nafikiri tu.

SHANGAZI: Fikiria baiskeli.

RIPOTI: Ngoja. Bafu lina dirisha?

BRASHI: Linalo, ila halifunguki. Mwaka jana nilipaka fremu, rangi ikakauka, ikaligandisha. Nikaona heri, baridi haiingii.

RIPOTI: Hapo ulicheza! Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

INJINIA: Na mlango nao auzibe.

MIMI: Ataingilia wapi?

INJINIA: Hilo tutalijadili baadaye. Mimi naona abandike tyubu kuukuu za baiskeli bafu zima, sakafu mpaka dari. Umeshaona tyubu imeota ukungu?

RIPOTI: Ushamba huo. Abandue vigae vyote, avigeuze. Kigae kina pande mbili, watu tunatumia mmoja tu maisha yetu yote.

BRASHI: Jamani. Jana mtoto kaniuliza kwenye simu, "Baba, nyumba imepona?" Nimjibu nini?

Shangazi akamjazia Brashi kikombe bila kuombwa, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona.

Alikuwepo mama mmoja kasimama nyuma ya benchi, mgeni kwetu, amevaa sare ya wafanya usafi wa hospitali. Ametoka zamu, kahawa yake ameshaimaliza nusu.

MGENI: Samahani, kaka zangu. Mkimaliza kuoga, nani anakausha ukuta?

RIPOTI: Ukuta unakaushwa?

MGENI: Kila siku.

INJINIA: Dada, maji yakimwagika hayazoleki.

MGENI: Sijauliza methali. Nimeuliza nani.

Ripoti akachungulia ndani ya kikombe chake. Injinia akakaza kofia. Na mimi nikakumbuka kitambaa kinachoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu letu, kila nikikigusa kimelowa. Miaka kumi na moja sijawahi kujiuliza ni cha kazi gani. Niliona aibu, nasema ukweli.

BRASHI: Mke wangu. Alikuwa anabaki nyuma na kitambaa, kila tukioga. Nikamwambia aache, anatuchelewesha, ukuta utakauka wenyewe.

MGENI: Akaacha lini?

BRASHI: Mwaka jana.

Mama yule hakumsema. Alimweleza taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia: kata rangi kwa kisu dirisha lifunguke, kwangua hiyo uliyopaka, vaa glavu, dawa ya nguo peke yake na maji, sugua kwa mswaki, suuza, kausha. Na kesho ukaushe tena. Akamshukuru Shangazi, akaenda zake kulala.

Brashi akatoa simu. Hakusogea pembeni, tukasikia yote.

BRASHI: Mama watoto... Hapana, sijamaliza. Sijaanza. Nilikuwa napaka tu... Sikiliza kwanza. Ukuta ule ulikuwa unaukausha wewe, mimi nikakuambia acha. Nisamehe.

Akasikiliza muda mrefu. Akaitikia ndiyo mara nne, akakata simu, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

RIPOTI: Kasemaje?

BRASHI: Mtoto bado. Ila saa kumi anakuja. Kasema kitambaa nitashika mimi, yeye atakaa kwenye kiti mlangoni aangalie.