Damu ya Ndeti

Kwa benchi la Hassan, muuza kahawa, hapa Kabati hakuna mgonjwa anayetushinda. Kahawa ya tangawizi ikishamiminwa kila mtu ni daktari, mimi nikiwamo. Asubuhi hiyo Ndolo, muuza maji, alikuja uso umemshuka. Mkewe Ndeti alikuwa amelazwa hospitalini wiki nzima akingoja kemo, ile dawa ya saratani, na bado hawajaianza. Alituambia uvimbe unakua huku yeye anaambiwa angoje. Aliogopa, na hakuficha.

Tungemwacha anywe kahawa, lakini ni sisi. Injinia, fundi wa pampu, akasema dawa hiyo huja na treni hadi Emali, na treni ya mizigo haina haraka. Bunge, aliyewahi kuwania udiwani akaanguka, akabisha: dawa imefika kitambo, ila lazima ichachuke kwanza kama uji. Injinia akapandisha dau. Madaktari wanangoja mvua, maana joto la Kitui litaichemsha ndani ya mishipa.

— Sasa mnachemsha bibi yangu, Ndolo akasema.

— Wewe shikilia tu ile tulikuambia, Bunge akamjibu. Asitoe damu. Mtu ako mgonjwa hivyo, na kila alfajiri wanamletea sindano?

— Si nilimwambia. Anawakatalia. Anasema anaweka akiba nguvu ya hiyo kemo.

Tukatikisa vichwa, tumeridhika. Ushauri huo ulikuwa wetu sote.

Pembeni alikaa Najma, binamu wa Hassan, aliyefika jana yake kutoka Mwingi. Dada yake alitibiwa katika wodi hiyohiyo ya Ndeti.

— Samahani wazee. Hiyo damu ya alfajiri, kuna mtu aliuliza ni ya nini?

Bunge akaanza kukagua viatu vyake.

Basi Najma akatueleza polepole. Zamani damu ilitolewa jua likiwa juu, majibu yakitoka wachanganyaji dawa wameshaenda nyumbani, na mgonjwa analala tena bila dawa. Ndiyo maana siku hizi wanapita alfajiri, ili daktari akifika akute majibu na dawa ichanganywe siku hiyo. Bila majibu ya kuonyesha mwili utaihimili, hawathubutu kumpa mtu dawa kali namna ile.

Nilikasirika kwamba hakuna aliyemfafanulia Ndeti hayo, kisha nikakumbuka ni akina nani waliomshauri akatae. Ndolo tayari alikuwa na simu sikioni.

— Ndeti, kesho wakikuja, wape mkono.

— Si ni wewe ulisema nikatae?

— Nilisema vibaya. Ni kachupa kadogo tu. Wape.

Kesho yake mchana simu ya Ndolo ililia akiwa katikati yetu. Aliiweka sauti ya juu.

— Imeanza kuingia, Ndeti akasema. Chupa yake iko hapa juu, tunaangaliana.

Ndolo alilia mbele yetu sote, na hakuna aliyemshauri.