Diski Iliyosuguliwa kwa Spiriti

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, nje ya kibanda cha fundi redio, pale njia ya vumbi inapokata kona kuelekea kiwanda kilichofungwa. Ukikaa katikati ubao unapinda, ukikaa pembeni unamrusha mwenzako, kwa hiyo kila mtu ana nafasi yake na hazihamishwi. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, birika la kahawa lilikuwa limeshazunguka mara mbili. Juu ya meza ya kibanda kompyuta ya mezani ilikuwa imelazwa ubavu, tumbo wazi, nyaya nje kama matumbo ya kuku. Mwenye kibanda ni kijana waliyempa jina la Satelaiti, kwa sababu hakuna habari duniani isiyopita kwake kwanza. Shule aliiacha darasa la sita. Mwenyewe anasema shule ndiyo iliyomwacha, ilishindwa mwendo wake.

— Ugonjwa wake mdogo sana, alisema Satelaiti, akipuliza ncha ya bisibisi kama anapoza uji. — Ramu imepanda shinikizo. Ramu ikipanda shinikizo, jigabaiti zinalala kifudifudi. Na zikishalala hivyo haziwezi kugeuka zenyewe.

— Kama mtu aliyekula msibani, alisema Gia Nne.

Huyu Gia Nne aliendesha lori la kiwanda hadi siku geti lilipofungwa. Tangu hapo hajashika usukani, ila kitu chochote kikiharibika, hata ndoa ya jirani, kwake ni gari.

— Lakini hiyo si ramu, aliendelea. — Hiyo gasketi. Hebu sikilizeni mlio. Tk, tk, tk. Chombo kikilia hivyo, mafuta yameingia maji.

— Kompyuta haina mafuta, Gia Nne.

— Ndiyo maana inalia.

Wakacheka. Mwenzao wa tatu hakucheka, kwa sababu alikuwa anajiandaa kusema. Ni Waziri, mzee wa koti moja, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kushika daftari la mazishi, lakini akifungua mdomo utadhani gari la bendera linamsubiri nje.

— Kitaalamu, alisema, hilo ni suala la mawimbi. Mashine za siku hizi zinazungumza na wenzao huko juu. Wakigombana huko, zinanuna huku. Mnauona mnara ule? Tangu waubandike yale madishi mapya, mke wangu akiitwa haitiki.

— Mkeo haitiki tangu uache kwenda kazini, alisema Gia Nne. — Mnara hauna kosa.

— Wewe endelea na gasketi zako. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Imeingia, basi. Iache ikae.

Satelaiti alicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe. Kompyuta ile haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba yake, aliyekuwa karani kwenye kile kiwanda cha rangi kwa miaka ishirini na miwili. Miaka miwili hii wafanyakazi wa zamani, wale ambao unga wa rangi uliwala vifua, walikuwa wakishikwa mikono na kupelekwa sebuleni kwake, mmoja mmoja. Walikaa kwenye kiti cha dirishani wakasema, na yeye akachapa. Watu kumi na tisa. Sita kati yao wameshazikwa, na mmoja wa hao sita ni baba yake Satelaiti. Wakili aliyekubali kuisimamia kesi yao dhidi ya kiwanda alitaka maelezo yote mezani kwake Jumatatu. Siku ikipita, mlango wa shauri unafungwa. Jumatano kompyuta ikaanza kujivuta, inachukua nusu saa kufungua ukurasa mmoja. Satelaiti akaibeba begani mwenyewe. Shangazi, alimwambia, hii ni kazi ya kikombe kimoja cha kahawa.

— Sasa umeifanya nini mpaka leo? aliuliza Gia Nne.

— Swali zuri, alisema Satelaiti, na akakaa sawa, maana hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa, na yeye akiogopa kitu hukisimulia. — Jana niliingia mpaka kwenye diski. Diski ni ghala, kila ulichoandika kinakaa mle. Mafundi wakubwa wanaiogopa, wameandika kabisa juu yake kwamba isifunguliwe. Nikasema mimi? Mimi niliyesafisha vichwa vya kaseti nikiwa na miaka kumi na mbili? Nikafungua. Ndani mna sahani inang'aa kama kioo cha kinyozi, na juu yake kijimkono kama sindano ya santuri. Nikaona ina ukungu. Nikachukua kitambaa, nikatia spiriti, nikaisugua mpaka nikayaona meno yangu.

— Huyo ndiye fundi, alisema Gia Nne. — Plagi chafu haichomi.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Waziri.

— Ufa gani, mzee?

— Ule aliokuwa anautafuta.

Satelaiti akapokea sifa zake kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu. Ila mwenyewe alikuwa ameshajua. Kabla ya kitambaa, kompyuta ilikuwa inajivuta lakini inafika. Baada ya kitambaa haikusema lolote ila ile tk, tk, tk, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

— Mimi nionavyo, alisema Waziri, tatizo ni uzito. Yale ni maneno ya wagonjwa. Maneno ya mgonjwa hayawi makavu. Mtu amekaa anakohoa mbele ya mashine miaka miwili, unadhani unyevu unakwenda wapi? Umeingia kwenye herufi.

— Sasa hapo umesema, alisema Gia Nne.

— Ianikeni basi, alisema muuza kahawa, ambaye kawaida husikiliza tu, lakini siku hiyo naye utaalamu ulimpanda. — Hata karanga zikiloa zinaanikwa.

— Ndivyo inavyotakiwa, alisema Satelaiti haraka, kama kwamba alikuwa akimsubiri aseme. — Kitaalamu tunaita kuanika megabaiti. Nilikuwa nangoja jua lipande tu.

Akaichomoa ile diski, akailaza juani ukingoni mwa benchi. Wakaizunguka wote wanne, wanaitazama inavyong'aa. Gia Nne akashauri igeuzwe baada ya robo saa ikauke pande zote. Waziri akataka kujua kama kivuli cha mtu kinaathiri mawimbi, akaambiwa kinaathiri, akasogeza kichwa chake.

Walikuwa bado wanaitazama shangazi alipotokea kwenye kona, anatembea upande wenye kivuli, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, bahasha kubwa kwapani.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Hamjambo wote.

— Hatujambo, Karani.

Akaiona diski juani. Hakuuliza inafanya nini pale.

— Imepona?

— Iko kwenye mchakato, shangazi. Unajua ile prosesa ilikuwa imekosa pumzi, kwa hiyo sekta zikawa zimejikunja. Sasa tunazipa nafasi zijipange. Zikishajipanga…

— Mwanangu.

— Naam.

— Mimi nilikuwa karani, sikuwa mtoto wa kuchezewa. Maelezo ya watu yapo au hayapo?

Satelaiti alitafuta neno. Kichwani mwake yalikuwepo mengi, marefu, yenye kung'aa, na kila alilolishika lilimtoka mkononi. Gia Nne akatazama viatu vyake. Waziri akafunga kifungo cha koti.

— Hayapo, alisema Satelaiti.

Kama shangazi angempiga kofi, ingekuwa nafuu. Alikaa katikati ya benchi, ubao ukapinda, akavaa miwani.

— Hukuandika pembeni hata kidogo, Karani? aliuliza Waziri, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida.

— Mimi nachapa kuliko ninavyoandika. Mtu akisema, vidole vinakwenda. Kuyatoa kwenye karatasi nilisema nitafanya wiki hii. Shangazi akafungua bahasha, akatoa karatasi tupu na kalamu. — Haya. Walio hai nitawapitia leo na kesho.

— Mimi nitasema tena, alisema Gia Nne, ambaye naye alikuwa katika wale kumi na tisa. — Hata mara mbili.

— Wewe utasema. Sita hawatasema. Watano wao wameacha wake, na mke hukumbuka. Aliyebaki ni ndugu yangu, mkewe alimtangulia. Lakini ndugu yangu alishinda hapa, kwenye ubao huu, kuliko kwangu. Wakili anataka kwanza jambo moja. Kifua kilianza kumsumbua mwaka gani? Mwaka tu, mwezi nimewasamehe.

Wakakohoa kidogo, wakajiweka sawa. Watu waliojua mashine zinavyonuna na herufi zinavyoloa hawakukosa la kusema.

— Alianza kitambo, alisema Gia Nne.

— Kitambo si mwaka.

— Kitaalamu, alisema Waziri, kikohozi hakianzi siku moja…

— Ulikaa naye bega kwa bega miaka tisa. Hakukwambia?

— Huenda alisema. Tulikuwa tunazungumza.

— Mkizungumza nini?

Waziri akafikiri.

— Mambo ya dunia, alisema.

Shangazi akamgeukia Satelaiti, na Satelaiti akajua zamu yake imefika. Chumba chake na cha baba yake vilitenganishwa kwa ukuta wa mbao. Kile kifua alikisikia kila siku alfajiri, kinapanda, kinashuka. Akikisikia, aliongeza sauti ya redio.

— Baba hakuwa mtu wa kulalamika, alisema.

— Sikuuliza kama alilalamika.

Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe cha Gia Nne, vikatoka vitone viwili na mashapo, akaliweka chini.

— Basi nitawarahisishia, alisema shangazi. — Hapa mlimwita Filimbi.

Gia Nne akaanza kutabasamu, kisha akaona tabasamu lile halina pa kukaa, akalirudisha.

— Mlimwita hivyo kwa sababu akipumua kifua kinapiga mluzi. Kwa hiyo siku mlipompa jina, kifua kilikuwa kimeshaharibika. Jina hilo mlimpa mwaka gani? Na nani alimpa?

Gia Nne akamtazama Waziri, Waziri akamtazama muuza kahawa. Wote watatu, bila kupatana, wakamaliza kwa kumtazama Satelaiti, maana hilo walilikumbuka.

Ni yeye aliyempa. Alikuwa bado na miguu myembamba, anawatumikia wakubwa vikombe, na alitaka wamwone mtu. Baba yake alipoketi akihema, akasema, kocha kaja, tayari anapiga filimbi. Wakacheka mpaka ubao ukataka kuvunjika. Baba yake naye alicheka, akacheka mpaka ikabidi ashike nguzo ya kibanda kwa mikono miwili, na wao wakaona kuwa hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Satelaiti alikumbuka shati alilovaa baba yake. Alikumbuka nguzo. Alikumbuka jinsi Gia Nne alivyompiga bega na kumwambia, wewe utafika mbali.

Mwaka hakuukumbuka.

— Sijui, shangazi, alisema.

Shangazi akapiga mstari juu ya karatasi, akaandika jina la ndugu yake, na chini yake akaandika neno hilo moja kama lilivyosemwa.