Bwana Tarehe, Aliyezaliwa Alhamisi na Ijumaa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliopita tu mkaona turubai mkaingia, watoto walitaka historia hii isomwe na mwenye shule, nikawaambia shule ninayo ya miaka mitatu na mume nilikuwa naye wa miaka hamsini na miwili, kwa hiyo nimeandika mwenyewe na nasoma mwenyewe, nikikwama mnisubiri.

Marehemu mume wangu, ambaye nyote mlimwita Bwana Tarehe, alizaliwa saa moja jioni, siku ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1947 kwa maneno ya mkunga wa zahanati, au Ijumaa tarehe 10 kwa maneno ya mama yake, mama mkwe wangu, aliyesema jua lilikuwa limeshazama, na jua likishazama Alhamisi imekwisha, huo ni usiku wa Ijumaa, mkunga aliangalia saa ya ukutani wakati dirisha lilikuwa wazi. Shauri hili halijaisha mpaka leo, fundi wa kibao cha kaburi mnamwona pale nyuma na brashi yake, tarehe ya kufa ameshaandika, ya kuzaliwa ameacha wazi, kwa sababu binti yangu wa kwanza, ambaye ni nesi, anasema cheti ni cheti, kitinda mimba anasema aliyezaa ni bibi, si cheti, na wa katikati amejifanya anahesabu viti. Wameniachia mimi, nikimaliza kusoma nitamwambia fundi.

Shule ya msingi alianza Januari 1955 akamaliza Desemba 1962, na alichopenda ni historia, si kwa ajili ya wafalme, kwa ajili ya tarehe, mwalimu akitaja vita yeye anauliza vilianza siku gani ya wiki, akachapwa kwa hilo, akaendelea kuuliza.

Jumatatu tarehe 7 Machi 1966 aliajiriwa kiwanda cha chapa karibu na stendi, akawa mpanga herufi, zile za chuma zilizopangwa moja moja kwa vidole, na baada ya miaka minne akakabidhiwa kalenda ya kuchana, karatasi moja kila siku, ambayo chini yake huandikwa Siku Kama ya Leo, na jambo lililotokea duniani tarehe hiyo. Mambo hayo aliyatafuta mwenyewe, katika vitabu vya kuazima na magazeti ya zamani, hata lililofungia sabuni yangu alilivua, sabuni ikabaki uchi. Mwaka 1971 bosi alimwita akamuuliza kwa nini mtu kukanyaga mwezi amemweka tarehe 21 Julai na dunia nzima inasema 20, akajibu, “Mzee, dunia nzima sijui ilikuwa wapi, mimi nilikuwa kwenye redio ya jirani, huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 21 na jogoo ameshawika.” Ikachapwa hivyo, na hakufukuzwa, akafanya kazi pale mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2007.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Agosti 1972, ingawa kadi zilisema 16, kwa sababu kadi alizipanga bwana harusi mwenyewe na ile tisa aliiweka kichwa chini, shangazi zangu wakaja Jumatano na zawadi, wakanikuta nafua mapazia. Nyumbani, kila jua likizama alichana karatasi ya kalenda ya jikoni, nami nikiwa bado napika chakula cha siku hiyohiyo, nikimwambia, “Baba watoto, siku yangu haijaisha,” anasema, “Yako haiishi kwa sababu unaongea sana.” Keki alikula mara mbili kila mwaka, tarehe 9 kwangu na tarehe 10 kwa mama yake, na mimi nilisimama na mkunga miaka yote, si kwamba najua saa, ni kwamba mama mkwe alikuwa upande wa pili.

Mungu alitupa watoto watatu, wa kwanza tarehe 17 Desemba 1973, na marehemu aliingia wodini akaniambia hiyo ndiyo siku ndege ya injini iliporuka mara ya kwanza, mwaka 1903, sekunde kumi na mbili, nikamwambia mimi nimekaa kwenye uchungu saa kumi na nne na hakuna aliyenichapa kwenye kalenda. Mwaka uliofuata alinichapa, bosi hakuona.

Moyo ulianza kumsumbua Septemba 2023, akalazwa tarehe 2 Machi mwaka huu, kalenda ya jikoni akaenda nayo ili aichane mwenyewe, akawa anasahihisha tarehe kwenye faili za wagonjwa wenzake, na akafariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa tisa alasiri, jua likiwaka, kwa hiyo hapo hakuna ubishi.

Jioni ile nilisimama jikoni, jua likazama, kalenda niliyorudi nayo kutoka hospitali bado inasema Jumatano na mchanaji hayupo, nikaichana mwenyewe, mara ya kwanza tangu niolewe, chini ikatoka Alhamisi, nikaona Jumatano ilikuwa imekwisha kweli, ni saa ya ukutani tu ndiyo ilikuwa haijapata habari.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomvumilia, majirani mliokesha nasi na kurudisha masufuria, na wenzake wa kiwandani mliokuja na kalenda ya mwakani kabla haijauzwa.

Fundi, chovya brashi, andika Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 1947, binti yangu ninunie tu, na mama mkwe, huko uliko, usicheke sana. Bwana Tarehe, pumzika kwa amani, jua likizama nitachana mimi.