Mkono wa Kushoto wa Mama Mbambu

Mwananchi Komisere, mkuu wa Sous-Région yetu, wawakilishi wa Chama, Shehe wetu wa mtaa wa Kasuku, wachungaji, wakubwa wa reli, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wasichana mnaosukumana pale mlangoni,

Nawasalimu wote kwa heshima, na kama kuna niliyemruka, anisamehe. Mimi, Mwanahamisi, mkurugenzi wa shule hii, nimezoea kusema mbele ya watu, lakini ya leo ni magumu. Nimeombwa nimuage Mama Mbambu, mwalimu wetu wa muziki, anayehamia Kalemie na mume wake, Baba Kitenge wa reli. Ningeweza kusema kwamba alifundisha vizuri, mkapiga makofi, tukaenda kula wali. Lakini je, hapo ningekuwa nimemuaga Mbambu, au mwalimu yeyote wa mji wowote?

Mbambu ni mtoto wa Butembo, binti wa Mzee Nzanzu wa malori. Masista wa Bukavu ndio waliomfundisha piano. Walimfundisha Bach na wenzake, watu wa Ulaya waliokufa zamani, na kila sauti ilitakiwa itoke kama ilivyoandikwa. Kidole kikikosea, rula ilikuwa karibu. Kisha baba yake akarudi safari moja na gramafoni ya Mgiriki aliyekuwa anafunga duka, pamoja na sahani za jazi. Siyo jazi yetu hii ya rumba mnayocheza Jumamosi. Ni ile ya Weusi wa Amerika, ambapo mpiga piano anachukua wimbo unaoujua, anaubomoa ukisikia, na anaujenga upya bila kukuomba ruhusa. Mbambu aliniambia, "Mama Directrice, nilisikia nikaogopa. Nilijua wimbo ulitoka wapi, sikujua utafika wapi. Nikasema na mie nataka kupotea vile."

Alipofika hapa Kindu alipanga nyumba Kasuku, ukuta kwa ukuta na Mama Aziza, muuza mchele, ambaye amekaa pale nyuma na kitambaa chake cha njano. Mnajua asubuhi za Kasuku. Wanawake wawili, kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka. Mbambu aliusikiliza mtwango ule mpaka ukaingia katika mkono wake wa kushoto. Mkono wa kulia akamwachia Bach. Niliposikia piano ya shule ikipigwa vile kwa mara ya kwanza, nilisimama kwenye veranda na chaki mkononi, nikacheka peke yangu. Halafu nikaangalia kama kuna mtu barabarani. Ndugu zangu, ninyi mlioishi hapa mnajua kwa nini niliangalia: miaka ile Chama kilitaka vya kwetu tu, cha Ulaya kilikuwa kosa.

Ikafika sikukuu ya Chama, mwezi wa tano wa mwaka wa sabini na tano. Komisere wa wakati ule, ambaye alihamishwa mbali na sisi, na ambaye sisemi neno baya juu yake, alikaa hapa hapa mbele. Wapiga ngoma wetu walikuwa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, na dhoruba iliwazuia kuvuka. Tukangoja. Komisere akageuka akauliza, "Hapa hakuna muziki?" Mbambu akainuka, akaenda kwenye piano, akaanza.

Hakufika mbali. Komisere aliinua mkono.

"Hii muziki ni ya nani?"

"Ni ya Bach, Mwananchi Komisere. Mudachi mumoja, alikufa zamani."

"Na wewe unatupigia Mudachi kwa sikukuu ya Chama?"

"Nimeanza kwa yake," akasema Mbambu. "Penye nilikuwa naenda, njo kwetu hapa."

"Basi piga ya kwake tupu. Halafu piga ya kwako. Wananchi watasema."

Akapiga ya Mdachi, safi, kama masista walivyotaka. Kisha akapiga ya kwake. Nilimwona jasho likimshuka shingoni, na bado mkono wa kushoto ukatwanga, ukatwanga, na mkono wa kulia ukamchukua yule mzee wa Ulaya ukampeleka kwenye vichochoro vya Kasuku ambavyo hakuvijua. Alipomaliza, Komisere akatuuliza, "Gani njo yetu?" Ukumbi mzima, wenye diploma na wasio nayo, tukatazama viatu vyetu. Sauti moja tu ikatoka nyuma:

"Ile ya pili! Mie kila asubui natwanga vile!"

Alikuwa Mama Aziza. Watu wakacheka. Komisere hakucheka.

Kesho yake jeep ya watu wa usalama ilisimama uani, wakamtoa Mbambu darasani. Mimi na Baba Kitenge tukakaa ng'ambo ya barabara, mbele ya ofisi yao, yeye ameshika sahani ya wali na mboga ya sombe ambayo mlinzi alikataa kuipokea. Aliniuliza, "Mama Directrice, muntu anaweza kuulizwa juu ya muziki kwa muda gani?" Jua likazama, tukarudishwa nyumbani, asubuhi tukakaa tena. Kila mlango ulipolia, tulisimama sote wawili. Mchana wa pili Mbambu akatoka, viatu mkononi, uso umevimba. Alisema tu, "Waliniuliza nani alinituma. Nikasema hakuna. Wakauliza tena."

Tangu hapo hakugusa piano. Alifundisha nota ubaoni, mgongo kwa chombo, na gari likipita barabarani alinyamaza katikati ya neno. Masika yote yalikwisha hivyo, akaja Komisere mwingine, na bado. Ndipo alasiri moja, niko ofisini, nikasikia mkono wa kushoto peke yake, polepole sana, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Sikwenda kuangalia. Nilifunga dirisha la upande wa barabara, nikakaa. Siku zilipopita, mkono wa kulia ukaja. Leo kuna wasichana pale mlangoni wanaopiga vile, na binti wa Mama Aziza ndiye anayewashinda wote.

Mwananchi Komisere, wewe hukuwepo wakati ule. Umeketi umenisikiliza mpaka hapa, na kwa hilo nakushukuru.

Mbambu, mdogo wangu, sasa nakuogopea. Huko Kalemie sisi hatutakuwepo. Wanasema ukumbi wa reli una piano, lakini hakuna aliyeniambia nani anakaa safu ya mbele. Watu watakusifu ushujaa wako, na mimi nikiwasikia nataka kuwaziba midomo. Siku wakikuuliza tena muziki ni wa nani, tazama kwanza nani anauliza. Ikibidi, sema ni wa Mdachi. Sema ni wa Mwanahamisi wa Kindu, waje kwangu. Hatukudai ushujaa mwingine, dada. Tunataka tusikie tu kwamba umefika, umekula, na mikono yako yote miwili ni mizima.

Baba Kitenge, mwangalie. Nanyi nyote mliotega masikio, asanteni sana.