Watoto wa Siwindhe Moja

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Daktari Mirumbe, ambaye pia ndiye mkurugenzi wa mradi wetu, machifu wa Homa Bay na Migori, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi akina mama mliovuka maji kutoka kisiwa cha Remba: hamjambo? Mimi ni Zilpah, msimamizi wa wahoji.

Nimepewa kazi ya kuisifu kompyuta hii mpya tunayoizindua leo, na ninaisifu. Ile ya zamani ilikuwa na kumbukumbu finyu mno. Ukiipa watoto wote wa utafiti wetu wa vidonge vya malaria pamoja na maboma yao, ilikwama ikasema haina nafasi. Bonface, mtaalamu wetu wa takwimu, alisihi tungoje mashine kubwa zaidi. Daktari, wewe ulitaka ripoti upesi, ukamwambia, "Toa maboma, acha watoto." Haraka haraka haina baraka, lakini nani angekuambia?

Mashine ikakubali mara moja. Kila mtoto akahesabiwa peke yake, kana kwamba hana ndugu wala nyanya. Lakini ndugu zangu, watoto wetu hulala siwindhe, nyumbani kwa nyanya, wote pamoja, wakiumwa na mbu wale wale. Watoto kumi wakinusurika kwa nyanya mmoja, huo ni ushahidi wa nyumba moja, si wa nyumba kumi. Maboma machache yaliyobahatika, yenye watoto wengi, yakafanya vidonge vyetu vya kuzuia malaria vionekane kinga ya hakika. Tukatangaza hivyo mbele ya watu.

Benta, simama mama, wakuone. Huyu aliwapa watoto wake vidonge kila wiki kama tulivyomfundisha. Homa ilipowaingia alimwambia mhoji wetu, "Si mlisema hawa wamekingwa?" Akakaa nao nyumbani badala ya kuwavusha kwenda hospitali. Amezika wawili. Nimelia naye, na bado nina hasira.

Wiki hii Bonface ameiwasha mashine hii kabla ya uzinduzi, utuwie radhi Daktari, akaipa watoto na maboma yao yote. Haikukwama. Jibu lake ni kwamba hatuna hakika vidonge hivi vinamkinga mtoto yeyote. Umelisoma jibu hilo, maana ulimuuliza Bonface ni nani aliyemruhusu kuiwasha. Na bado magari ya kupeleka vidonge vile vile Migori yako hapo nje, yamepakiwa, madereva wanangoja tumalize kupiga makofi.

Mheshimiwa Daktari, mkasi uko mkononi mwako, na magari yako chini ya amri yako. Utakata utepe kwanza, au utayasimamisha magari kwanza? Ni mama gani wa Awendo, huko Migori, unayetaka tukamwambie maneno tuliyomwambia Benta? Sisi wahoji tumekwisha kubaliana: hakuna hata mmoja wetu atakayepanda magari hayo.

Kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu, asanteni. Benta, usiketi bado. Jibu la Mheshimiwa ni lako.