Alama ya Kwenye Paji Langu

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenitambulisha vizuri mno. Amesema, "Tazameni paji la mzee huyu, mtamwona mtu aliyesujudu." Baadhi yenu mmetazama. Endeleeni kutazama, maana leo nataka niseme habari za paji hili kabla Mungu hajazisema mwenyewe mbele ya watu wengi zaidi.

Ilikuwa enzi za Wabelgiji, nami nilikuwa kijana. Nilisoma sekondari Bukavu kwa mjomba, nikarudi hapa Gisenyi na vitu viwili: Kifaransa kidogo na nywele. Nawaambia, zile nywele! Kinyozi alinipasulia njia kwa wembe upande wa kushoto, imenyooka kuliko barabara yoyote ya mji huu, nami niliipaka mafuta asubuhi na jioni.

Kampuni moja ya kahawa ilikuwa na timu ya mpira, ikaniajiri. Kwenye karatasi nilikuwa karani wa ghala, lakini sikuwahi kugusa gunia. Nililipwa kufunga magoli Jumapili. Miguu yangu ilikuwa mizuri, sisemi uongo. Baba yangu, fundi cherehani pale sokoni, alifurahi hata akaishonea timu nzima jezi bila malipo. Mteja aliyekuja kupimwa suruali alipimwa huku akisimuliwa goli langu la mwisho.

Shida ilikuwa moja. Mpira ukija juu, mimi niliinama kama mtu aliyeangusha ufunguo. Mipira ya siku zile ilikuwa ya ngozi, imefungwa kwa kamba kama kiatu, na ilipenda tope. Nywele zangu zisingepona. Kocha wetu, dereva wa lori la kampuni, aliona.

"We petit, hii kichwa Mungu alikupa ya kubeba mafuta tu?"

"Kocha, mi nafungaka na miguu."

"Bon. Siku moja mpira itakuja, miguu haitafika."

Siku hiyo ikaja. Tulicheza hapa nyumbani na timu ya Goma, tumefungana goli moja kwa moja, mwamuzi ameshaanza kutazama saa. Winga wetu akapiga krosi tamu. Kipa amelala chini, goli li wazi, mpira unakuja kwenye paji langu kama mgeni aliyealikwa. Nikainama. Mpira ukapita, beki wao akauchukua, wakaenda kutufunga upande wa pili. Nami nilipoinuka, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupapasa ile njia ya nywele.

Watu waliona. Uwanja mzima ukaimba, "Bibi harusi! Musimuguse bibi harusi!"

Kesho yake kampuni ikanifukuza. Nikakimbilia kwa rafiki yangu mvuvi, nikajificha ziwani nikishona nyavu zake. Niliona nateswa sana. Kisha akaja mama mmoja kununua samaki, akanitambua.

"Yewe! We uko hapa unakula samaki, na baba yako anachekwa kule sokoni?"

Akanieleza. Baba hakuwa na pa kujificha. Cherehani yake ilikuwa barazani. Mtu alimletea kitambaa akamwambia, "Fundi, unishonee muzuri, usikwepe kama mutoto yako." Wengine walipita na vitambaa vyao mbele yake, wakaenda kwa fundi wa jirani.

"Na yeye anajibu nini?" nikauliza.

"Anasema, 'Atacheza tena.' Kila mutu, baba yako anamujibu ile ile, na anaendelea kushona."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Kule uwanjani niliinama tu.

Nilikwenda sokoni mchana kweupe, nikakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Baba, nikate nywele."

Hakuwa na wembe wala mashine ya kunyolea. Alikuwa na mkasi wa vitambaa. "Mimi hukata kaki," akasema. "Nikiharibu, siwezi kukuwekea kiraka." Akakata. Watu wakajaa wakishangaa. "Yampaye inka! Fundi anashona mutu!" Alipomaliza, kichwa changu kilikuwa kama shamba la maharage lililopitiwa na mbuzi. Kocha alipokiona alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya lori. "Donc, sasa iko kichwa," akasema, na akaniombea kwa wakubwa mechi moja tu, ya marudiano.

Tulicheza Goma, mvua inanyesha, mpira umelewa maji na kuwa mzito kama jiwe la volkano. Tena moja kwa moja, tena winga yule yule. Safari hii nilifumba macho, nikapiga shahada, nikatoa paji. Nilipozinduka nilikuwa chali, baba ameniinamia, akinibana jeraha kwa kipande cha jezi.

"Baba, iliingia?"

"Iliingia. Ni we ndiye ulibaki nje."

Kampuni ikanirudisha, na wateja wakarudi kwa baba. Lakini fundo la kamba ya mpira lilikuwa limenichana hapa katikati. Kidonda kilipona, weusi ukabaki. Nilipoingia msikitini baada ya miezi mingi ya kutokuonekana, wazee walitazama paji langu, wakadhani ni alama ya kusujudu, wakanipisha safu ya mbele! Baadaye mkwe wangu alinipa binti yake kwa sababu ya alama hii. Nikanyamaza. Mke wangu ndiye pekee aliyeuliza, juma lile la harusi, kwa nini sijda yangu ina alama ya fundo. Huyo hapo, upande wa akina mama, anacheka.

Kwa aibu nikaanza kuswali kweli. Alama ilitangulia, swala ikafuata nyuma ikihema. Namshukuru kocha, namshukuru winga, namshukuru yule mama wa samaki. Baba nilikuwa nitamshukuru kesho, kila siku kesho, mpaka tukamzika. Hakujua kwamba nilisikia alivyokuwa akiwajibu watu. Vijana, kama yuko mtu anayewajibia huko sokoni, mwambieni leo kwamba mmesikia.

Mwenyekiti, ahsante. Alfajiri mtanikuta safu ya nyuma, karibu na viatu. Nafasi yangu ya mbele iko wazi. Aichukue mtu asiye na alama yoyote.